UZI: Tuchore ramani ya mapaa ya Dar kwa ajili ya sola, ila tuanze na kivuli kabla ya jua

MchoraPaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Nafunga sola hapa Dar, na kabla ya ufundi nilisomea ramani. Kinachoniuma ni hiki: mara kwa mara napigiwa simu na mtu aliyeuziwa mfumo mzima baada ya fundi kuangalia matumizi yake ya LUKU tu. Paa hakuna aliyelipanda. Miezi ya mwanzo mambo yanakwenda vizuri, ikifika Juni betri haijai na mwenye nyumba anadhani kauziwa paneli feki. Ukienda unakuta paneli ni nzima kabisa. Tatizo ni ghorofa la jirani lililosimama upande wa kaskazini-magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri nusu ya paneli zimeshaingia kivulini.

Miji mingine ina ramani za jambo hili. New York walirusha ndege yenye lida, kifaa cha kupima vimo kwa miale ya leza, mwaka 2010, na 2011 mkazi wa kule akawa anafungua ramani, anabonyeza paa la nyumba yake, anaona lingezalisha umeme kiasi gani. Google walianza Project Sunroof mwaka 2015 kwa miji michache ya Marekani. Uswisi wana ya serikali yao. Mimi na wenzangu bado tunabeba ngazi.

Natamani na sisi tuwe nayo. Ila nimeshaijaribu kazi hii kwa mikono yangu, mtaa mmoja baada ya mwingine, na nimefika mahali pa kusema kwamba tukizichukua ramani za wenzetu kama zilivyo tutapotea. Kule swali kubwa ni jua lenyewe. Berlin iko nyuzi 52 kaskazini. Majira ya baridi jua linatambaa chini chini, na paa linaloangalia kaskazini linapoteza sana. Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye tarehe 11 Oktoba hivi. Katikati ya hapo, kuanzia Machi hadi Oktoba, linakuwa upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki linahamia kusini. Hata mchana wa tarehe 21 Juni, siku linapokuwa mbali nasi kuliko zote, bado liko nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Kwa paa la mwinamo mdogo, kuangalia kaskazini au kusini kunaleta tofauti ndogo tu.

Maana yake, jua la Dar tumegawiwa karibu sawa kwa sawa, wa Masaki na wa Mbagala. Kinachotofautisha nyumba na nyumba ni kivuli, uzima wa paa, na nani mwenye paa. Ramani yetu ianzie hapo.

Malighafi ipo, tena ya bure

Michoro ya majengo: Google walitoa Open Buildings, seti ya michoro ya majengo iliyotokana na picha za setelaiti, mwaka 2021 wakianzia Afrika, kazi iliyofanywa na timu yao ya Accra. Toleo la 2023 lina majengo bilioni 1.8. Kila jengo lina mchoro wake, eneo lake kwa mita za mraba na alama ya uhakika. Halafu kuna OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar hapo tuna deni la shukrani kwa mradi wa Ramani Huria. Tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi walizunguka mitaani pamoja na wenyeji, wakapiga picha za droni, wakachora nyumba moja moja. Lengo lao lilikuwa mafuriko. Lakini nyumba iliyochorwa kwa ajili ya maji ndiyo hiyo hiyo ya kupimia jua.

Kimo cha majengo: mwaka 2024 ilitoka seti nyingine ya Open Buildings inayokadiria urefu wa majengo mwaka hadi mwaka, 2016 mpaka 2023, kutokana na picha za setelaiti ya Sentinel-2. Kosa lake la wastani ni kama mita 1.5, chini ya urefu wa ghorofa moja. Kwa kupata picha ya mtaa inatosha. Kwa kumwambia mtu "funga paneli hapa" haitoshi.

Jua: Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia, au PVGIS ya Kamisheni ya Ulaya ambayo Afrika imo. Programu za kuchorea ramani ni QGIS pamoja na GRASS, ambayo ina zana ya r.sun ya kupiga hesabu ya jua na vivuli saa kwa saa. Kompyuta mpakato ya kawaida inaibeba kazi ya kata moja.

Sasa kivuli, kwa hesabu

Chukua ghorofa la mita 12, jirani yake ni nyumba ya chini ambayo paa lake liko mita 4. Kinachohusika ni zile mita 8 za juu. Mchana wa Juni ghorofa hilo linatupa kivuli cha kama mita 5 kuelekea kusini. Saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa nyuzi kama 36, kivuli ni mita 11 na kinaelekea kusini-mashariki. Saa kumi na nusu kinakaribia mita 19, yaani kinaweza kuvuka nyumba nzima na uwanja wake. Njoo Desemba, jua likiwa kusini: mchana kivuli hicho hakifiki hata mita 2 na nusu.

Kwa hiyo ghorofa likiwa kusini mwako, lala usingizi. Likiwa kaskazini, Juni na Julai zitakusumbua. Likiwa mashariki au magharibi utapoteza asubuhi au jioni mwaka mzima.

Na kivuli cha sola hakilingani na ukubwa wake. Paneli zikiunganishwa kwa mfululizo, umeme unapita kwenye zote kama maji kwenye mpira mmoja. Ukiukanyaga mpira sehemu moja, mtiririko wote unapungua. Ndani ya paneli kuna dayodi za kuupitisha umeme pembeni ya sehemu iliyozibwa, lakini bado utapoteza zaidi ya kile kipande chenye kivuli. Nimeona mnazi mmoja mwembamba, makuti yake tu, ukiyumbisha uzalishaji wa paneli nane.

Uzima wa paa

Hili setelaiti hailioni kabisa. Mwaka jana nilikwenda kwa mama mmoja, mjane, mtaa siutaji. Kwenye kompyuta paa lake lilikuwa zuri kuliko yote mtaani: mita za mraba 120, hakuna mti, hakuna ghorofa. Nilikuwa nimeshalipaka kijani. Nikaingia darini na tochi. Nikagusa papi ya kwanza, ule ubao unaoshikilia bati, kwa bisibisi, bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliochemka. Mchwa walishakula kutoka ukutani hadi katikati ya kenchi, nje imebaki rangi ya mbao tu. Paneli moja ya wati 550 ina kilo kama 28. Ukijumlisha reli na bolti, unaongeza kilo 13 hadi 15 kwa kila mita ya mraba, na bado hujaweka upepo wa kusi unaoingia chini ya paneli na kuivuta juu. Yule mama tulimwambia aezeke upya kwanza. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama hizo pesa za paneli zingetosha mbao. Zilitosha.

Toka siku ile, kwenye ramani yangu hakuna paa linalopewa kijani kabla mtu hajaingia darini. Yale ambayo hayajakaguliwa ni kijivu, hata yakiwa na jua la aina gani.

Nakaribisha maswali, nyongeza na masahihisho.

---

BintiMabibo

Kaka MchoraPaa, asante kwa uzi. Nyumba yetu ni ya urithi, tuko ndugu wanne. Kuna mwembe mkubwa wa marehemu baba upande wa magharibi, na tangi la lita elfu mbili liko juu ya mnara karibu na jiko. Fundi aliyekuja alisema tukate mwembe tufunge paneli kumi. Mama hataki hata kusikia. Kuna namna?

---

MchoraPaa

Dada, msikate kwanza. Fanya hivi, haina gharama. Jumapili moja yenye jua, kaa nyumbani kutwa. Tafuta sehemu ya juu ya kuonea, hata ngazi ya jirani, ila usikanyage bati lenye joto. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila baada ya nusu saa piga picha ya paa kutoka mahali pale pale. Picha zote ukizipanga utaona kivuli cha mwembe na cha tangi vikitembea. Chora paa kwenye karatasi, gawa miraba, kila mraba uandike kivuli kimeingia saa ngapi. Hiyo ndiyo ramani ya sola ya nyumba yenu, na kwa leo ni bora kuliko yangu ya setelaiti. Kisha ulete hapa, pamoja na idadi ya yuniti mnazotumia kwa mwezi.

---

Mzee wa Upanga

Mwanangu, mimi nakaa kwenye jengo la ghorofa sita, familia kumi na mbili, paa la zege tambarare. Jua tunalo kutwa. Nimewashawishi wenzangu miaka miwili. Kila mmoja anauliza, paa ni la nani?

---

MchoraPaa

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo linalokwamisha mapaa bora kabisa ya mji huu, haya ya Upanga na Kariakoo. Kama jengo lenu limesajiliwa chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, paa kwa kawaida linahesabiwa mali ya pamoja. Basi uamuzi ni wa umoja wa wamiliki, sio wa aliye ghorofa ya juu wala wa aliyetangulia kununua. Kama hamna umoja unaofanya kazi, anzeni na huo.

Kiufundi nawashauri mwanze na matumizi ya pamoja: pampu ya maji, taa za ngazi, lifti kama ipo. Pampu hasa. Inafanya kazi mchana jua likiwepo, na tangi likijaa hilo ndilo betri lenu. Hapo hakuna wa kubishana nani katumia yuniti ngapi. Zege nalo linawaruhusu kupanga paneli mtakavyo, mwinamo wa nyuzi 10 unatosha, mvua ya kwanza ioshe vumbi. Angalieni tu isitobolewe ile tabaka ya kuzuia maji. Tumieni vizito vya zege kushikilia reli, na mhandisi wa majengo athibitishe uzito.

---

Kisiwandui

Assalaam alaykum. Sie Unguja kuna picha za droni za kisiwa kizima, walizipiga vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, na Kamisheni ya Ardhi, mradi ulianza 2016. Mie nilikuwapo siku wanarusha karibu na skuli yetu, watoto wote walitoka nje. Suala langu ni Mji Mkongwe. Mapaa mengi ya bati yaliyoshika kutu, nyumba zimegusana, ukuta wa mawe na chokaa. Na ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Twafanyaje? Maana sie twakumbuka ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipokufa. Maji hamna, biashara hamna. Bibi yangu alirudi kwenye kibatari.

---

MchoraPaa

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwa data nyinyi mmetushinda. Picha za droni zikipigwa kwa kupishana vizuri zinatoa umbo la juu la kila kitu, na kuba, mnazi na tangi vyote vinakuwa na kimo chake. Huko unaweza kuendesha r.sun kwa usahihi ambao setelaiti haitoi. Ila picha za 2016 ni za 2016, kilichojengwa baadaye hakimo.

Mji Mkongwe mimi ningeuacha uwe wa mwisho. Vichochoro ni vyembamba na majengo yamepishana vimo, paa la chini linakuwa kisimani. Na bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe usiguse kitu kinachobadilisha sura ya jengo. Ningeelekea Michenzani, yale majumba marefu. Yamenyooka, yana paa kubwa moja moja, na wanaoishi ndani ni wengi. Halafu skuli na vituo vya afya. Kituo cha afya kikiwa na paneli na betri, waya wa baharini ukifa tena jokofu la chanjo halizimi. Mimi ramani ya Unguja ningeipanga kwa swali hilo: umeme ukikatika miezi mitatu, ni paa gani lingeokoa watu wengi zaidi?

Na kutu mliichukulie kwa uzito. Chumvi ya bahari inakula bati na inakula bolti. Reli ziwe za alumini, bolti za chuma kisichoshika kutu. Fundi akija na bolti za kawaida, arudishwe dukani.

---

Mswahili wa Zürich

Nachangia nikiwa Uswisi. Ile ramani yao inaitwa sonnendach.ch. Unaandika anwani yako, kila upande wa paa unapakwa rangi, kuna madaraja matano. Nilipohamia hapa nilitafuta jengo tunalopanga, likaonyesha "nzuri sana". Miaka sita sasa hakuna paneli hata moja, mwenye jengo hajaamua. Nasema hili kwa sababu mleta uzi kagusa penyewe: ramani yao ina kila kitu kuhusu jua, haina neno juu ya mwenye paa. Wapangaji ni wengi hapa kuliko wenye nyumba.

---

MchoraPaa

Ndugu, nitaibeba hii. Dar nayo ni mji wa wapangaji. Nyumba ya vyumba sita, mita moja ya LUKU, mwenye nyumba yuko Kigoma. Kwa mpangaji wa namna hiyo ninachopendekeza ni mfumo wa kuhamishika, paneli moja au mbili kwenye fremu chini uani, sio juu ya paa la mtu.

---

Kibo_2

Samahani mkuu, mimi sikubaliani nawe kwenye msingi wa hoja. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Umeme upo wa kutosha. Kwa nini mtu wa kawaida aingie gharama ya paneli, na kwa nini tuumize kichwa na ramani?

---

MchoraPaa

Swali halali, nitalijibu bila kuzunguka.

Kwa baadhi ya watu jibu ni kwamba wasiingie. Nyumba iliyo kwenye daraja la chini la TANESCO, isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, inalipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Huyo ukimuuzia paneli kwa kumwambia ataokoa pesa, umemdanganya. Anaweza kutaka sola kwa sababu ya kukatika umeme, sawa, lakini aambiwe hivyo hivyo. Aliye kwenye daraja la kawaida, shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, mwenye saluni, jokofu la samaki, mashine ya kusaga, hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo ramani nzuri lazima iwe na safu ya matumizi pia. Paa kubwa lenye jua la kutosha juu ya nyumba inayotumia yuniti mbili kwa siku halina haraka yoyote.

Kuhusu bwawa, nalifurahia kama wewe. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, kufika kwenye soketi ya Goba ni jambo jingine. Mtu wa mwisho kwenye laini, transfoma ikiwa imezidiwa, jioni taa zake ni njano na jokofu linaguna. Mitaa hiyo ndiyo ningeipima kwanza. Viyoyozi na mafriji ya mchana yakihamia kwenye paneli, transfoma ile ile inapata nafuu kwa kila mtu aliye chini yake.

---

Kasarani Juu

Huku Nairobi mfano mzuri ni Strathmore, wako na kilowati 600 kwa paa za chuo tangu 2014. Lakini ukitoka hapo uje estate zetu za ghorofa, hizi zimefinyana, paa imejaa kamba za nguo, matangi na dishi. Unaweka wapi paneli? Je, ramani yako inahesabu nafasi ya kuanika nguo?

---

MchoraPaa

Inahesabu, ndugu, na nashukuru umeuliza, kwa sababu watu wa programu huwa wanaisahau.

Fanya hesabu nami. Paa la mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120 ukilitazama kutoka juu. Likiwa na mwinamo wa nyuzi 20 linaongezeka kidogo, kama asilimia 6, lakini hilo liache. Toa kingo, maana paneli haisogezwi mpaka ukingoni, upepo una nguvu pale. Toa pembetatu za paa la pande nne, ambako paneli ya mstatili haikai vizuri. Toa tangi na kivuli chake. Toa njia ya fundi kupita kwenda kufuta vumbi. Kwenye nyumba nilizopima mimi mara nyingi ninabakiwa na asilimia kama 40, mita za mraba 48. Paneli ya wati 550 inachukua mita za mraba 2.6, kwa hiyo zinaingia 18, karibu kilowati 10. Kwa Dar ukihesabu saa nne za jua kamili kwa siku, baada ya hasara za joto, vumbi na waya, unapata yuniti 40.

Familia ya kawaida niliyozoea kuhudumia inatumia 5 hadi 8. Paneli sita tu zingeipa hata 13 kwa siku ya kawaida, na siku za masika zenye mawingu bado ingekuwa na cha kutumia. Zile mita zilizobaki waacheni waanike nguo. Kwa paa la zege unaweza pia kuinua paneli kwenye fremu ya mita mbili na nusu, nguo zikaning'inia chini yake. Inagharimu chuma zaidi, na upepo uhesabiwe na mtu anayejua.

Na joto. Paneli hupimwa kiwandani kwenye nyuzi 25. Juu ya bati la Dar saa saba mchana inafika 60 bila shida. Kila nyuzi moja juu ya 25 inapoteza kama asilimia 0.35, kwa hiyo hapo umeshaacha asilimia 12 hewani. Acha nafasi ya kiganja kizima kati ya bati na paneli hewa ipite. Nimekuta paneli zimelazwa juu ya bati kama godoro.

---

Mama Wawili Tandale

Mimi ni mjumbe wa shina. Naomba niseme la watu wangu. Wakati wa anwani za makazi mwaka 2022 watu walifungua milango, wakaandikwa. Sasa akija mwingine na droni kupima mapaa, watauliza hii ni kodi au ni bomoabomoa? Na wana haki ya kuuliza.

---

MchoraPaa

Mama, shikamoo. Nakubaliana nawe moja kwa moja, na nimeshakosea hapa. Mara ya kwanza nilichapisha ramani yenye nyumba moja moja, rangi na makadirio. Nikatumiwa ujumbe na baba mmoja akilalamika kwamba sasa kila mtu anajua paa lake ni bovu. Nikaifuta siku ile ile.

Sasa ninafanya hivi. Kinachowekwa hadharani ni cha mtaa mzima: mapaa mangapi yamekaguliwa, jumla ya mita zinazofaa, wapi pana kivuli kingi. Taarifa ya nyumba anapewa mwenye nyumba mkononi, kwa karatasi. Na kabla ya kitu chochote kuruka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wanakaa na watu, wanaambiwa kinapimwa nini na nani ataona. Droni nayo ina vibali vyake, hairushwi kiholela.

Kwa Tandale na Manzese kuna jambo jingine. Mashine ya Google ikitazama mapaa yaliyogusana, mara nyingi inaunganisha nyumba nne ikaziita moja. Inakuonyesha paa kubwa la kufaa kumbe ni bati za familia nne, kila moja na mwinamo wake, na katikati kuna mfereji. Vijana wa mtaa wenyewe ndio wanaoweza kuzitenganisha, kwa sababu wanajua ukuta wa nani unaishia wapi. Ukiwa na vijana watatu wenye simu, mama, niandikie faraghani. Nitakuja kuwafundisha, nauli ni yangu.

---

Mama Wawili Tandale

Marahaba. Ninao watano, wawili ni wasichana wamemaliza kidato cha nne wako nyumbani. Nakuandikia.

---

BintiMabibo

Nimerudi, kaka. Nilikaa Jumapili yote, mdogo wangu alinishikia ngazi. Picha 19. Upande wa mashariki hauna kivuli kabisa kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa tisa. Mwembe unaanza kuingia upande wa magharibi saa saba na nusu, saa tisa umeshafunika upande wote, na saa kumi umeshavuka hata mgongo wa paa. Tangi ndilo lililonishangaza. Kivuli chake asubuhi kinapita katikati kabisa ya pale fundi alipotaka kuweka paneli. Kaka yangu mkubwa ameingia darini na bisibisi, mbao zote ngumu isipokuwa papi moja juu ya choo, inavuja. Matumizi yetu ni yuniti 160 kwa mwezi, friji na pampu ndivyo vinavyokula zaidi.

---

MchoraPaa

Dada, umefanya kazi ambayo wengine wanailipisha.

Yuniti 160 kwa mwezi ni kama 5 na kidogo kwa siku. Paneli nne upande wa mashariki, wati 2,200, zingetoa 8 hadi 9 zikipata jua la kutwa. Kwa kuwa zinaangalia mashariki na mwembe unazifikia jioni, hesabu 7. Zinatosha. Paneli kumi alizosema fundi hamzihitaji, na mwembe wa baba ubaki, tena unawapoozea vyumba vya magharibi jioni. Tangi lisogezwe upande wa kaskazini-magharibi, karibu na mwembe, pale ambapo kivuli kipo tayari. Kabla ya fundi kuja, mbadilishe ile papi ya juu ya choo na kuziba panapovuja. Pampu muiwekee saa iwe inawaka saa nne asubuhi.

Usizitupe zile picha 19. Rudia zoezi hilo hilo tarehe za katikati ya Desemba, jua likiwa limehamia kusini, halafu unitumie zote mbili.

---

BintiMabibo

Mama kasoma mwenyewe kwenye simu yangu, kaenda kukaa chini ya mwembe. Desemba nitaleta.